Mama katolewa kifuko cha nyongo, majibu yamesema kansa. Upasuaji wa pili ni wa nini?

Pole sana ndugu, na mpe pole mama. Unasema alitolewa kifuko cha nyongo kwa sababu ya mawe, daktari akawaambia mambo yameenda vizuri, kisha maabara wakaleta neno kansa na sasa anatakiwa arudi mezani. Unauliza, kama kifuko kimeshatoka, wanakata nini tena? Swali hilo hilo niliuliza miaka minne iliyopita, nimesimama koridoni na karatasi ya mama yangu mkononi.

Kwanza usijilaumu. Kansa hii haipigi hodi. Kifuko kimejificha chini ya ini, na maumivu yake yanafanana na ya mawe: kulia, chini ya mbavu, hasa baada ya kula vyenye mafuta. Wengi hugundulika hivyo hivyo kama mama zetu, kifuko kikiwa kimeshafika maabara. Na ingawa wengi wa wanaoipata hukutwa na mawe, watu wengi mno wana mawe na hawapati kansa maisha yao yote.

Sasa chukua ile karatasi, tafuta herufi T na namba inayoifuata; inaonyesha kansa imeingia kina gani kwenye ukuta wa kifuko. Jibu lako liko hapo. Ukuta wa kifuko ni mwembamba, milimita chache tu, na upande ulioegemea ini hauna hata utando wa nje wa kuutenga nalo. T1a maana yake kansa iko bado kwenye tabaka la ndani kabisa. Hapo kutoa kifuko huwa kunatosha, mradi kingo ziwe safi, yaani pale walipokata pasikutwe kansa. T1b imeingia kwenye msuli, T2 imeupita. Ikifika huko, seli zinaweza kuwa zimebaki kwenye sehemu ya ini ambako kifuko kilikuwa kimelala, au kwenye tezi za limfu za jirani. Ndicho wanachofuata safari ya pili: kipande hicho cha ini na tezi hizo. Neno ini lilinitisha sana, mpaka daktari aliponieleza kuwa ini lililo zima hukua tena likikatwa.

Mama yangu alikuwa T2. Walimpiga kwanza picha ya CT ya kifua na tumbo kuona kama haijasambaa, ndipo wakamfungua. Tezi moja ilikutwa na kansa. Akapewa vidonge vya kapesitabini, dawa ya kansa, kwa miezi 6. Viganja vyake vikawa vyekundu, ngozi ikabanduka, kufunga kifungo cha blauzi ikawa kazi. Kila usiku nilimpaka mafuta na kumvisha soksi za pamba mikononi. Mwambieni daktari mapema mkiona hivyo, dozi hupunguzwa. Sisi tulinyamaza wiki mbili tukidhani ndiyo kuvumilia.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba majibu ya mama yalikaa wiki tano pale alipopasuliwa mara ya kwanza, hakuna aliyetupigia simu. Tuliyapata kwa sababu dada yangu alikwenda kuuliza jambo jingine. Kwa hiyo nyote mnaosoma hapa: ndugu yenu akitolewa kifuko, ulizeni kama kimepelekwa maabara, na mfuate majibu wenyewe.

Ndugu, muulize daktari kama kifuko kilipasuka wakati wa kukitoa nyongo ikamwagika ndani, maana hilo hubadilisha mpango. Tafuta daktari aliyezoea kupasua ini, na msiahirishe. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikipauka au mwili ukiwasha usiku, mpeleke siku hiyo hiyo: huenda njia ya nyongo imeziba, na wanaweza kuweka kijibomba nyongo ikapita.

Andika hapa T ya mama ni ngapi na wamesemaje kuhusu kingo. Nitakusaidia kupanga maswali kabla hamjaenda kwa daktari.