Maswali Yenu: Kazi ya makombora anapewa mmoja bila tenda, hii ni halali kweli?

Barua nyingi za toleo hili zimeangukia kwenye manunuzi ya silaha huko Marekani, na nimefurahi, manake ni mada watu wanaikwepa wakidhani ni ya wanajeshi tu wakati ni hela ya walipa kodi na sahihi za watu wa ofisini. Nimechukua nne.

Mhariri shikamoo. Nimeona tangazo la jeshi la Marekani kwamba kazi ya uhandisi wa mfumo mmoja wa makombora itapewa kampuni moja tu, imeshatajwa kwa jina, hakuna kushindanisha. Hivi inaruhusiwa? Mi nikisikia hakuna tenda nawaza wizi tu. (Mwanafunzi wa sheria)

Marahaba mwanangu. Inaruhusiwa, ila haifanywi kiholela. Wana sheria ya mwaka 1984 ya ushindani kwenye mikataba ya serikali, inasema ununuzi uwe wazi kwa wote isipokuwa kwa sababu saba: mwenye uwezo ni mmoja tu, kuna dharura kubwa, wanataka kulinda kiwanda au uwezo fulani wa kihandisi usipotee, kuna makubaliano na nchi nyingine, sheria nyingine imeelekeza hivyo, kuna siri za usalama wa taifa, au mkuu wa wizara ameandika kwamba ni kwa maslahi ya umma na Bunge likaarifiwa. Inayotumika sana ni ile ya kwanza, na ndani yake kuna kipengele kwamba mfumo mkubwa ukishaanza kutengenezwa unaweza kuendelea na kampuni ile ile kama kumleta mgeni kutailazimu serikali kulipia upya kitu ilichokwisha kulipia, au kutachelewesha kazi kupita kiasi.

Na hapa lazima tuelewane hiyo kazi yenyewe ni ipi. Watu wakisikia uhandisi wa makombora wanafikiria mtu anachora kombora jipya, kumbe sehemu kubwa ni kulitunza la zamani: kombora liko ghalani miaka mingi, kifaa kimoja cha elektroniki ndani yake hakitengenezwi tena popote, inabidi wabuni mbadala, afu wahakikishe huo mbadala haugombani na softiwea ya kuliongoza, rada ya ardhini bado inasomana nalo, betri inahimili joto na baridi, kisha walirushe kwenye majaribio na likikosa shabaha wakae na data ya safari yake nzima watafute kilichofeli. Angalia Stinger, kombora la kubebwa begani la kutungulia ndege. Mwaka 2022, baada ya Marekani kupeleka mengi Ukraine na kutaka mengine, mkuu wa Raytheon, kampuni inayolitengeneza, alisema wazi kwamba baadhi ya vipuri havipatikani tena sokoni na itabidi wabuni upya elektroniki za kile kichwa kinachotafuta shabaha. Kazi kama hiyo ukimpa mtu ambaye hajawahi kulifungua hilo kombora, atatumia muda mrefu kujifunza tu, na serikali ndo itakayolipia hayo mafunzo.

Kwa hiyo ofisa ununuzi anaandika hati ya kueleza kwa nini hashindanishi. Anataja sababu ya kisheria, anaeleza alivyochunguza soko, kampuni zilizojitokeza kuonyesha nia, na kwa nini bei ataiona ni ya haki, na hela ikizidi kuwa nyingi ndivyo sahihi inavyopanda kwa wakubwa. Hati hiyo kwa kawaida lazima itolewe hadharani ndani ya siku 14 baada ya mkataba kutolewa, au 30 kama ilikuwa dharura, ukiondoa yale ya siri. Afu kuna katazo moja mi nalipenda sana: huwezi kutetea kutoshindanisha kwa kusema hukupanga mapema au kwamba bajeti inakaribia kuisha muda wake. Kwa hiyo mwanangu, kabla ya kusema wizi, soma hati. Wizi ukiwepo utauona humo humo, kwenye maelezo mepesi.

Kaka, mi siamini kwamba nchi kubwa vile haina kampuni ya pili ya kutengeneza kombora. Wanatudanganya?

Hawadanganyi, ila hawasemi ilianzaje, na mimi hapo ndo napata hasira.

Miaka ya 1980 walikuwa wanashindanisha vizuri tu. Kombora la Tomahawk lilitengenezwa na General Dynamics na McDonnell Douglas, wote wawili kwa pamoja, wanagombania nani apewe fungu kubwa. Kombora la angani la AMRAAM lilibuniwa na Hughes na Raytheon akawekwa awe mtengenezaji wa pili. Sasa fuata majina: 1992 General Dynamics ikaiuzia Hughes biashara yake ya makombora, 1994 jeshi la majini likaamua Tomahawk itengenezwe na Hughes peke yake, 1997 Raytheon ikaichukua Hughes upande wa ulinzi. Basi, mpinzani kamnunua mpinzani, na makombora yote mawili yako kwa Raytheon mpaka leo.

Hayo yalipewa baraka. Vita baridi vilipoisha bajeti ikashuka, na 1993 viongozi wa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, waliwaita wakuu wa makampuni kwenye chakula cha jioni wakawaambia wazi kwamba serikali haitaweza kuwalisha wote, waungane. Wakaungana kweli. Ripoti ya Pentagon yenyewe ya Februari 2022 inasema wakandarasi wakuu wa anga na ulinzi walishuka kutoka 51 miaka ya 1990 hadi 5, na wa makombora ya kimbinu, yaani yale ya uwanja wa vita na siyo ya nyuklia ya masafa marefu, kutoka 13 hadi 3. Shuka chini zaidi kwenye mota za roketi zinazotumia mafuta magumu, yaani kile kinacholisukuma kombora, wakawa wamebaki wawili wakubwa tu. Lockheed Martin ilipotaka kumnunua mmoja wao, Aerojet Rocketdyne, mamlaka ya ushindani ikaenda mahakamani Januari 2022 na Lockheed ikaachana na mpango huo mwezi uliofuata. Hapo walistuka, lakini miaka mingi ilikuwa imeshapita.

Mfano mwingine ni Sentinel, kombora la nyuklia la kuchukua nafasi ya Minuteman III. Huu haukuwa mkataba wa kumteua mmoja, ilikuwa tenda kabisa, Boeing na Northrop Grumman wakiwa uwanjani. Lakini Northrop mwaka 2018 ilikuwa imeinunua Orbital ATK, watengenezaji wa zile mota, Boeing ikalalamika kwamba mchezo hauko sawa na 2019 ikajitoa. Likabaki jina moja, na Septemba 2020 likapewa mkataba wa dola bilioni 13.3. Julai 2024 Pentagon ikatangaza kwamba mradi mzima sasa unakadiriwa dola bilioni 140.9, ongezeko la asilimia 81 juu ya makadirio ya 2020. Haki isemwe, sehemu kubwa ya ongezeko imetoka kwenye mahandaki na vituo vya kurushia, siyo kombora lenyewe, kwa hiyo siwezi kukwambia mshindani wa pili angeizuia yote. Ninachosema ni kwamba serikali ilipofika kwenye hilo tatizo haikuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Kama hakuna ushindani bei anapanga nani? Si mkandarasi anajiandikia tu?

Kuna kinga, tena za zamani. Sheria ya mwaka 1962 inasema mkataba mkubwa ukitolewa bila ushindani, mkandarasi lazima afunue gharama zake, mshahara wa wahandisi, saa za kazi, bei anazonunulia vipuri, na asaini kwamba takwimu ni sahihi, kamili na za sasa. Wakaguzi wa Pentagon wanaweza kuzipitia. Mikataba ya uhandisi mara nyingi ni ya kurudishiwa gharama pamoja na ada, na ikiwa ada hiyo ni kiasi kilichopangwa tangu mwanzo kisichobadilika, sheria inaiwekea ukomo, asilimia 15 ya gharama iliyokadiriwa kwa utafiti na ubunifu, 10 kwa kazi nyingi nyingine. Na ule mtindo wa faida kuwa asilimia ya chochote utakachotumia umepigwa marufuku, kwa sababu ukitumia zaidi ungepata zaidi.

Lakini kinga hizi zinategemea mtu asiseme uongo. Oktoba 2024 RTX, kampuni mama ya Raytheon, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 950 kumaliza kesi kadhaa, nyingine za rushwa Qatar, na mojawapo ilikuwa hii hii unayouliza: iliipa Pentagon taarifa za uongo za gharama kwenye mkataba wa mifumo ya Patriot, ile ya kutungulia ndege na makombora ya adui, na mwingine wa kuendesha rada, serikali ikalipa zaidi ya dola milioni 111 ambazo haikutakiwa kulipa. Kama kungekuwa na mtu wa pili mezani anayeuza kitu kile kile, ofisa ununuzi angekuwa na bei ya kulinganisha. Hakuwa nayo, alikuwa na karatasi za muuzaji tu.

Mhariri, naanza kuandika habari za manunuzi ya serikali. Nikiipata hati kama hiyo nianze kusoma wapi? (Dada mwandishi)

Dada yangu, ruka utangulizi wote wa kusifia mfumo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza nani anamiliki michoro na data za kiufundi, manake ndo chanzo cha mengi. Ukikuta wameandika kwamba serikali haina haki ya kumpa mtu mwingine hizo data, basi ujue uamuzi wa kutoshindanisha ulifanyika zamani sana, siku mkataba wa kwanza uliposainiwa bila kuzinunua, na habari yako iko kwenye mkataba ule. Sehemu ya pili ni ile inayoitaka ofisi iseme itafanya nini kuondoa vikwazo vya ushindani safari ijayo. Tafuta hati ya mkataba uliotangulia wa mfumo huo huo uziweke pembeni kwa pembeni. Ukikuta aya ni ile ile, ahadi ile ile, tarehe tu ndo imebadilika, muulize ofisa aliyesaini kwa maandishi, na uchapishe swali lako hata kama hajajibu.