Nyanya zangu zilikua zinaoza kitako, kumbe shida ni maji

Msimu wangu wa kwanza wa kulima nyanya nyumbani nilivuna aibu tupu. Miche ilikua imenawiri, majani mazito, kila anaepita anasifia, afu matunda yanaanza kunenepa tu naona kitako kinaweka doa jeusi limebonyea, kama mtu kakigusisha pasi ya moto. Nikasema huu ni ukungu, nikatafuta dawa nikapiga, hola, nikarudia tena, hola vilevile.

Kumbe ule sio ugonjwa wa kuambukiza jamani. Ni tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu kwenye udongo ipo tele ila inasafiri na maji kufika kwenye tunda, sasa mimi nilikua namwagilia nikikumbuka, siku nne pakavu siku ya tano naleta mafuriko, kalsiamu itafikaje? Na tabia hiyohiyo ndo inapasua nyanya zikikaribia kuiva, maana ndani inavimba ghafla na ganda haliwahi kutanuka.

Siku hizi kabla sijashika ndoo nachomeka kidole kwenye udongo, nikikuta kukavu mpaka kwenye pingili ya pili ndo namwagilia, na nikimwagilia namwagilia kweli maji yashuke chini, sio kulowesha juu juu. Asubuhi, tena shinani, majani yabaki makavu kwa sababu ukungu unapenda majani yenye unyevu. Afu natandaza majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 7 hivi, ila naacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Kama nitachagua kitu kimoja tu cha kukushauri basi ni hayo matandazo, yani hata ukisahau siku moja udongo unakuvumilia. Wa kwenye ndoo na viroba nyie hamna msamaha, chombo kinakauka haraka mno, jua likiwa kali ni kila siku.

Mbolea nayo nilikosea. Nilikua naongeza urea, mbolea yenye naitronjeni nyingi, nikidhani naipendezesha miche, kumbe naitronjeni ikizidi unapata kichaka na maua machache, na ile kuoza kitako inazidi. Sasa hivi naweka samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, afu maua yakianza natumia mbolea yenye potasiamu zaidi.

Kwenye kupanda, zika shina hadi karibu na majani ya juu, sehemu yote iliyofukiwa inatoa mizizi. Jua lisipungue masaa 6. Vichipukizi vinavyotoka kwenye kwapa za majani ng'oa vikiwa vidogo, lakini hii ni kwa zile nyanya zinazorefuka bila kukoma na kuegemea mti, zile fupi ukizipunguza matawi unajipunguzia matunda mwenyewe (nilifanya hivyo, msinicheke).

Kuvuna pia usingoje mpaka iwe nyekundu ya kung'aa huku ndege wanakusaidia, ikishaanza kugeuka rangi, ichume, itamalizia kuiva ndani ya nyumba, ila usiweke kwenye friji, baridi inaua ladha.

Na ukikuta yenye doa usikimbilie kung'oa mche, toa tunda lenyewe tu, kata pale palipoharibika palipobaki unakula, afu nyoosha ratiba yako ya maji, vishada vinavyofuata kwangu vilikuja safi kabisa.