Ukisuka upya transfoma ya duara nyumbani, linda tepu ya katikati

Wanaoniletea amplifaya za kanisani na za matangazo hapa Kampala hulalamikia sauti. Mimi nikishafungua boksi, jicho langu huenda kwanza kwenye tepu inayotenganisha praimari (waya unaopokea umeme wa ukutani) na sekondari (waya unaoupelekea amplifaya umeme) ya transfoma, ile ya duara lenye tundu katikati. Upande mmoja wa tepu hiyo kuna volti 240. Upande wa pili, mwisho wa njia ni maikrofoni iliyo mkononi mwa mwanakwaya. Na nyumba nyingi hazina waya wa ardhi wa kuaminika.

Kwa hiyo nashauri hivi: suka sekondari, praimari usiiguse. Ikiwa praimari imeungua, tafuta transfoma nyingine. Chomoa plagi, fungua waya wa zamani kwa mkono, na ukikaribia tepu ya ndani weka kisu mbali. Ukiikuta imekauka na inavunjikavunjika, acha kazi hiyo. Ikiwa nzima, ongeza juu yake tepu mpya ya poliesta inayostahimili joto, angalau tabaka tatu, kila mkanda ukilalia nusu ya mwenzake. Kagua upande wa nje wa duara: ndani ya tundu tepu hujazana yenyewe, lakini nje mikanda huachana na kuacha mwanya mwembamba ambao usipoutafuta kwa tochi hutauona.

Idadi ya mizunguko usiikisie. Zungusha waya wenye ganda la plastiki mara 10, washa, pima volti zake. Pima na umeme wa ukutani papo hapo, maana kwetu hupanda na kushuka. Tuseme umepata volti 2.1 wakati ukutani kuna 225. Kwenye 240 hiyo ni 2.24, yaani volti 0.224 kwa mzunguko. Ukitaka volti 35, ni mizunguko 156. Ongeza asilimia 5 ya kufidia mzigo, iwe 164. Kumbuka volti 35 zikipita kwenye daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) na kujaza kapasita zinafika karibu 49, hivyo kapasita za volti 50 hazifai. Weka za 63.

Unene wa waya mimi naupima kwa ampea 3 kwa kila milimita mraba; waya wa kipenyo cha milimita 1.3 unabeba ampea 4 bila shida. Kata urefu wote mara moja, uuzungushie kwenye kibao chembamba kinachopita tunduni. Usiuburute kwenye ukingo, enameli (rangi inayoufunika waya) itachubuka.

Kuwasha mara ya kwanza baada ya kumaliza kusuka, unga balbu ya wati 60 ya zamani, ya nyuzi, kwa mfululizo na praimari. Ikimulika kidogo kisha ikazima, vizuri. Ikibaki inawaka, kuna mizunguko iliyogusana. Halafu nenda kwa fundi anayesuka mota akupimie kwa mega ya volti 500 (kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja) kati ya praimari na sekondari. Hapo usione uvivu, hata kama kila kitu kinafanya kazi.

Fyuzi ya praimari iwe ya kuchelewa kukatika, kwa sababu transfoma ya duara huvuta umeme mwingi inapowashwa. Na ukiirudisha kwenye boksi, boliti ya katikati iguse chuma upande mmoja tu. Ikigusa juu na chini, boliti na boksi vinakuwa mzunguko mmoja uliofungwa, na fyuzi isipowahi, transfoma itaungua hata kama ulisuka bila kosa.