Kabla Hujaomba Kazi ya Ndege, Hesabu Walio Chini

Kila nirudipo Tabora kwa likizo, hazipiti siku mbili kabla mtu hajaniuliza kama huko kwenye ndege kuna nafasi. Karibu wote wanaoniuliza, hasa wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita, huwa wanafikiria kazi moja tu, nayo ni uhudumu wa ndani ya ndege. Siwalaumu, kwa kuwa nami nilianza hivyo hivyo, na nilipoteza miaka miwili nikiugonga mlango huo mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ndege aina ya Bombardier Q400 ya Air Tanzania, ambayo tumeizoea katika viwanja vya Tabora na Kigoma, ina viti 76. Kanuni ya usalama inayofuatwa katika nchi nyingi hutaka awepo angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo ndege kama hiyo hutosheka na wahudumu wawili. Sasa simama karibu na uzio siku ndege inapotua, uwahesabu waliovaa reflekta: anayeielekeza mahali pa kuegesha, wanaoshusha na kupakia mizigo, anayejaza mafuta, na kando yao zimamoto walio tayari muda wote. Ndani ya jengo wamo wakaguzi wa abiria na makarani wa kaunta.

Watu hao hawana mwajiri mmoja, na hili ndilo waombaji wengi hawalijui. Waongoza ndege, yaani wale wa mnarani wanaozungumza na marubani kwa redio, wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uwanja wenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, zimamoto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kazi za abiria na mizigo hufanywa ama na shirika la ndege lenyewe ama na kampuni iliyopewa mkataba wa huduma za ardhini. Barua inayopelekwa kwa shirika la ndege ikiomba "kazi yoyote uwanjani" humweleza msomaji wake kwamba mwombaji hajauliza hata swali moja kabla ya kuandika.

Mimi niliingia kwa mlango wa mizigo. Baada ya kushindwa usaili wa uhudumu (nilipoulizwa kazi ya kwanza ya mhudumu nikajibu kwamba ni kuwapa abiria chakula na vinywaji, wakati jibu ni usalama, kwa maana ndege kubwa hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitike kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango), nilikubali kazi ya kupima vifurushi kwa wakala mdogo wa mizigo. Mshahara ulikuwa wa kunihuzunisha, lakini pale ndipo nilipoujua usafiri wa anga.

Nilijifunza, kwa mfano, kwa nini karani wa kaunta hubishana na abiria juu ya kilo tatu. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa mwezi wa kumi jua letu mnalijua. Hewa ya mahali palipoinuka na penye joto huwa nyepesi, mabawa hupata msaada mdogo, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, hivyo kila kilo huingia katika hesabu. Nilijifunza pia habari za asali. Dumu lililojazwa vizuri na kufungwa ovyo hutulia kabisa ardhini, lakini ndege ikipanda shinikizo la hewa hupungua, hewa iliyobaki ndani ya dumu hutanuka, na asali hutafuta njia. Siku moja ilitafuta njia hadi kwenye sanduku la nguo za bwana harusi.

Kisa hicho ndicho kilichonipatia kazi ya kaunta. Katika usaili uliofuata, Dar es Salaam, niliulizwa ningemfanyia nini abiria mwenye madumu mawili ya asali, na wenzangu wenye vyeti vizuri kuliko changu walijibu kwa upole mtupu. Mimi nilieleza habari ya kifuniko, mfuko wa pili na uzito.

Anayetaka kusomea fani hizi aanze kuulizia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, ambacho hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege na uhudumu wa ndani ya ndege, au chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa wanaotaka kuongoza ndege. Kwa chuo binafsi, uliza kwanza kama mafunzo yake yanatambuliwa na Mamlaka hiyo, kisha ndipo ulipe ada. Ada ya masomo ni jambo moja, fedha ya kununua nafasi ni jambo jingine: nilimtumia mtu shilingi 200,000 kwa simu ili jina langu "lipitishwe", na laini yake ikazimwa jioni ile ile. Nafasi za taasisi za umma hutangazwa kwenye Ajira Portal, na kuziomba ni bure.

Wakati unasubiri kuitwa, zikariri alama za viwanja, kwa sababu kaunta nzima huendeshwa kwa hizo: TBO ni Tabora, TKQ ni Kigoma, MWZ ni Mwanza. Jizoeze pia kutaja herufi kwa mtindo wa marubani, Alfa, Bravo, Charlie, hadi zitoke bila kufikiri, maana niliwahi kupewa namba ya buking, ile yenye herufi, niisome kwa sauti nikiwa bado sijaketi vizuri. Na ukiitwa Dar es Salaam, usipange kushuka kwenye basi alfajiri ya siku ya usaili. Ondoka mapema, ufike kwa ndugu siku moja kabla, ulale, upige pasi shati lako.