Mbao za Msaji na Mchwa

SWALI: Ndugu Mhariri, niliuziwa mbao za msaji nikihakikishiwa kwamba mchwa hawazigusi, lakini sasa zimeliwa pembeni, penye rangi nyeupe. Je, nilidanganywa?

JIBU: Ndugu msomaji, uliambiwa nusu ya ukweli. Sehemu nyeupe ni tabaka la nje la shina, lile lililokuwa likipitisha maji, nalo halina kinga ya kutosha. Kinga imo katika kiini chenye rangi ya dhahabu iliyokolea, ambamo mti, kadiri unavyozeeka, hulimbikiza mafuta na kemikali ziitwazo kwinoni, hasa tektokwinoni, inayowafukuza mchwa. Ndiyo maana miti inayokatwa ingali michanga, yenye kiini chembamba, huwasikitisha wanunuzi, na kwa maoni yangu kuikata mapema hivyo ni hasara kubwa. Sugua jani changa la msaji kiganjani, nawe utaona rangi nyekundu kama damu.

Mafuta hayohayo huzuia gundi kushika, kwa hiyo fundi hupiga randa upya kabla tu ya kuunganisha. Silika, yaani madini magumu kama ya mchanga, iliyomo katika mbao hizo nayo hufanya msumeno uwe butu upesi.

Maua ya msaji ni meupe, madogo mno, maelfu katika shada moja, na kila moja huchanua kwa siku moja tu. Nyuki huhitajika kuhamisha chavua kutoka mti hadi mti, kwani msaji huzaa kwa shida sana kwa chavua yake wenyewe. Utakaponunua tena, kagua ncha za ubao na ukatae wenye ukingo mweupe.