Kwa makarani wapya wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya mazao: unyevu haupigiwi kura

Juzi kijana mmoja aliuliza kwenye grupu letu la makarani kama apokee korosho zilizonyeshewa uwanjani. Wa kwanza akajibu, "Pokea tu, zitakaukia ghalani." Hazikupita dakika kumi, dole gumba zimejaa kama utitiri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kipimo cha unyevu kinasoma ngapi! Wadogo zangu mlioanza msimu huu Tandahimba na Newala, ujinga huo niliufanya kabla yenu, na niliufanya kwa ufundi zaidi.

1. Pima kwanza, grupu baadaye. Na mvua ikinyesha, pima upya hata magunia ya jana.

2. Anayepinga msimtoe. Hapa nitakaa kidogo.

Msimu wangu wa pili mvua ziliwahi. Wakulima wakakimbilia mnada, korosho nyingi hazijaanikwa zikatosha. Kwenye grupu tukakubaliana kwamba mwaka huo unyevu si tatizo, ghala kuu wanapokea. Nikisema "tukakubaliana" nina maana watu watatu wenye sauti walisema, sisi wengine tukaitikia. Dada mmoja, karani wa kijiji cha jirani, akaandika, "Jamani pimeni. Mimi leo nimerudisha magunia ishirini." Tulimcheka mpaka akachoka. Akabatizwa jina, Bi Afisa.

Wakati huo kipimo kiko mkononi mwangu, kinasoma asilimia 13. Kumi na tatu! Korosho ya kulala ghalani haitakiwi kufika huko, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikaandika nini? "Bi Afisa, punguza presha." Jioni akatolewa kwenye grupu, nami nikaweka dole gumba langu.

Gari letu likafika ghala kuu, likageuzwa kwa unyevu. Magunia yakashushwa, korosho zikamwagwa kwenye maturubai siku tano, makuli wakalipwa mara mbili, mnada ukapita tukiutazama. Zilipokauka uzito ukapungua, na unyaufu ule ukarudi kwenye shingo ya chama. Mzee mmoja niliyempokelea magunia manne alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa barazani, hanidai kitu. Ananiuliza tu, "Mwanangu, ile ya ada ya mjukuu bado?" Heri angenitukana.

Kilichonimaliza kilikuja baadaye. Siku moja kwenye chai nikawakiri wenzangu ile 13. Kimya. Halafu mmoja akasema yeye alipata 12, mwingine 14. Watu wanne mezani, wote tulipima, wote tukanyamaza, kila mmoja akidhani kipimo chake ndicho kibovu!

Tangu hapo nikisikia habari za Solomon Asch naona ametusema sisi. Huyu ni mwanasaikolojia Mmarekani, miaka ya 1950 aliwapa watu kazi ya kitoto ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wengine chumbani wamepangwa wajibu uongo kwa sauti moja. Karibu theluthi ya majibu ya yule asiyejua mpango yakafuata uongo. Lakini akiwekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, mkumbo ulipungua sana. Sisi huyo mmoja tulikuwa naye, bure kabisa, tukamtoa.

3. Andika namba, siyo maoni. "Nimepata 13" haichekwi kirahisi kama "nina wasiwasi".

4. Meneja aongee mwisho. Mwenye cheo akitangulia, waliobaki wanaitikia amina kama wako kwenye hitima. Nawajua mameneja watakaochukia kusoma hapa, shikamooni.

5. Msijaze grupu watu wa chungu kimoja. Sisi karibu wote tulifundishwa kazi na karani mmoja, Mungu amrehemu, mtu mwema sana, aliyekuwa anapima unyevu kwa kutikisa korosho sikioni. Tulirithi sikio lake. Wekeni na mkulima, wekeni na mtu wa Liwale, hata yule mgomvi wa mizani.

Yule dada nilimfuata msimu uliofuata kumwomba arudi. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu ya toba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingiza mkono kwenye gunia lililokuwa mlangoni kwangu, akatoa korosho tatu, akaziweka mezani.

"Hizi umepima?"

Nilikuwa sijapima.