Harufu ya rangi na mtoto mchanga

Swali: Shikamoo shangazi. Nimepanga chumba Tandika, mwenye nyumba kapaka rangi ya mafuta juzi. Kichwa kinaniuma, na nina mtoto mchanga. Nichome udi?
Mpangaji, Dar es Salaam

Jibu: Marahaba mwanangu. Udi acha kabisa! Unafunika harufu tu, halafu unamwongezea mtoto moshi. Kinachonuka ni tina, ile ya kuzimulia rangi, inayotoka ukutani rangi ikikauka, nayo inataka hewa. Fungua mlango na dirisha kutwa, feni ielekeze dirishani isukume hewa nje. Godoro na nguo zitoe, hunyonya harufu. Mtoto asilale humo; nendeni kwa ndugu mpaka harufu iishe. Na mwombe mwenye nyumba siku hizo asizihesabu kwenye kodi. Usione haya.